Mboga Bila Chakula

Bi Upawa aliizunguka meza mara mbili akiitazama sahani ya mwanawe, kama mtu aliyepoteza kitu na anaogopa kuuliza asije akachekwa. Palikuwa na kipande cha samaki, mayai mawili ya kuchemsha, mchicha uliong'aa mafuta na nusu ya parachichi. Vyote vizuri. Akavuta kiti, akaketi, kisha akamgeukia mkwewe.

"Mboga nimeiona, Mama Kifungo. Chakula kiko wapi?"

"Hicho ndicho chakula, mama."

"Hiyo ni mboga."

"Kwake yeye ndicho chakula. Daktari kasema."

Bi Upawa alikuwa amepika katika jiko la shule ya bweni tangu ujana wake mpaka mgongo ulipomkatalia kuinamia masufuria. Upawa wake mrefu wa mti ndio uliompa jina, na watoto aliowalisha, ambao sasa ni watu wazima wenye vitambi, bado walimwita hivyo wakikutana naye sokoni. Miaka yote hiyo hakuwahi kumpakulia mtu mboga peke yake. Mboga ni mpambe, na mpambe haendi arusini bila bibi arusi. Mtu anayekula mboga tupu ama ni mdokozi ama ni fukara aliyeishiwa unga, na katika nyumba ya mwanawe hapakuwa na wa aina hizo.

Mwanawe huyo aliendesha winchi, ule mtambo mrefu wa kunyanyulia mizigo kwenye maghorofa yanayojengwa, na kila mtu alimwita Dereva, hata mama yake alipokuwa na hasira naye. Lakini wakati huo hakuwa akiendesha chochote. Kampuni ilikuwa imewapima afya wafanyakazi wake, akakutwa na sukari ya juu, akateremshwa. Mtu ambaye sukari yake haijatulia haachwi angani peke yake na chuma kinachoning'inia juu ya vichwa vya wenzake. Unga wake haukumwagika wote: walimpa kazi ya chini, ya kufunga mizigo na kushika kamba, kwa mshahara uliokatwa. Akawa anainua uso na kumtazama, kule juu kwenye kibanda cha winchi, mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Masharti yalikuwa mepesi kueleweka. Kipimo cha miezi mitatu kikionyesha sukari imetulia, atarudi juu. Kisipoonyesha, kibanda ni cha yule mwingine moja kwa moja.

Mama Kifungo alikuwa fundi wa sare za shule. Alimweleza mama mkwe wake habari za mlo huo huku cherehani ikitembea, pini mdomoni.

"Wali, mkate, viazi, muhogo, uji, soda, hata ndizi zikizidi. Vyote hivyo vina wanga, na wanga ukiingia mwilini unageuka sukari. Mwili wake umechoka kuibeba hiyo sukari, basi tunampunguzia mzigo. Atakula samaki, nyama, mayai, majani, karanga kidogo. Mafuta asiyaogope sana. Mwili ukikosa wanga unajifunza kuchoma mafuta."

"Na ukikataa kujifunza?"

"Utajifunza tu, mama. Daktari kasema mwanzoni kichwa kitamuuma na nguvu zitapungua, kwa hiyo anywe maji, na supu yenye chumvi kidogo. Na kubwa kuliko yote, dawa zake zimepimwa kwa kile anachokula. Chakula kikibadilika aambiwe, naye abadilishe dawa. Hilo kalirudia mara mbili."

Katika maneno yote hayo, sikio la Bi Upawa lilishika moja tu: supu.

*

Majuma ya mwanzo yalikuwa kama daktari alivyosema, ila kusema ni rahisi kuliko kuishi nayo. Dereva aliamka na kichwa, akashinda na kichwa, akarudi nacho. Alimkaripia binti yake, Kifungo, kwa kosa la kutafuna kwa sauti. Mkanda wa suruali uliongezwa tundu jipya kwa msumari wa moto. Mayai na samaki vilikula fedha ya nyumba kuliko gunia la unga, hata Mama Kifungo akakubali kazi za sare kutoka shule ambazo zamani angezikataa kwa usumbufu wake. Sahani za wengine ziliendelea kuwa na wali, na yai la Kifungo likahamia kwenye sahani ya baba yake.

Mtaani nako macho hayana pazia. Msusi aliyekuwa na kibanda chake karibu na bomba la maji alimsimamisha Bi Upawa mbele ya wateja wake, kichwa cha mmoja kikiwa nusu kimesukwa nusu kimesimama.

"Bi Upawa, shikamoo. Mwanao mbona kanyauka vile?"

"Marahaba. Anafuata masharti ya daktari."

"Masharti au mkwe ndiye anayebana unga?" Wateja wakacheka. "Wewe uliyelisha shule nzima, mwanao akonde mikononi mwako?"

Bi Upawa alicheka nao, akajitwika ndoo yake, akaenda. Masikio yalimwaka mpaka nyumbani. Jioni ile Dereva aliingia, akaketi kwenye ngazi ya mlango na kuanza kufungua kamba za viatu. Alifungua cha kwanza. Kabla ya kufika cha pili aliacha mikono ikining'inia, akakaa hivyo, mdomo wazi, kama mzee. Mama yake alimtazama kutoka dirishani. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na uchungu huo haukusoma masharti ya mtu yeyote.

Kesho yake aliamka kabla ya wote. Alichemsha mchele mpaka ukasahau kwamba ulikuwa mchele, akauponda, akauchuja kwa kitambaa cheupe, na ule uji mzito akaumimina ndani ya supu ya mifupa. Akakaanga vitunguu na nyanya ziifunike ile rangi. Nyama ya kusaga aliichanganya na mkate mkavu uliosagwa unga. Mama Kifungo alipotoka chumbani akipiga miayo, kitambaa kilikuwa kimeshafuliwa na kuanikwa, na chupa kubwa ya supu imesimama mezani tayari kwenda kazini.

Dereva alirudi jioni akipiga mluzi.

"Mama, supu yako leo imesimamisha mgongo."

"Kula mwanangu, mifupa ina mengi."

Siku zikaenda hivyo, na kile kichwa kikaacha kuuma. Dereva alifanya mzaha tena na Kifungo. Mama Kifungo, ambaye alikuwa ameogopa kwamba mama mkwe angeipiga vita ile sahani, alimfuata jikoni akamwekea mkono begani.

"Ahsante, mama. Peke yangu nisingeweza."

Bi Upawa alisema hakuna shukrani kati ya mtu na mwanawe. Aliuhisi ule mkono begani hata baada ya mkwewe kutoka, na hakuupenda uzito wake.

*

Daktari wa kliniki ya sukari alikuwa mwanamke wa makamo aliyezoea kudanganywa, na hakuwa na kinyongo na jambo hilo. Aliyatazama majibu ya damu, akawatazama mume na mke waliokaa mbele yake.

"Mnafuata niliyowaambia?"

"Tunafuata," akasema Mama Kifungo.

"Baba?"

"Nakula ninachopewa."

"Kipimo cha sukari kimepanda kuliko mwanzo. Mimi naweza kudanganywa, lakini damu haijui kusema uongo." Akavuta karatasi ya dawa. "Basi tutaongeza dawa, kabla ya kile kipimo cha miezi mitatu. Hii itaishusha kwa nguvu. Na huko kazini, baba, unachokula ukikumbuke."

Waliporudi hawakungoja hata kukaa. Bi Upawa alikuwa jikoni, na ukuta wa jiko lile haukuwa wa kuficha siri ya mtu.

"Unakula nini kule kazini?"

"Mama Kifungo, nakuapia."

"Usiape. Wenzako wakinywa chai na mkate, wewe unatazama juu?"

"Natazama juu kweli. Kuna mtu kwenye kiti changu."

"Mtoto nimemnyima yai ili wewe ule mawili. Nashona mpaka macho yananitoka machozi. Halafu unakwenda kunifanya mjinga mbele ya daktari. Toa vitu mifukoni."

Dereva, ambaye aliweza kushusha nguzo ya chuma kutoka ghorofa ya juu na kuiweka juu ya alama ya chaki isiyozidi upana wa kiganja, alitoa vitu mifukoni kimoja kimoja na kuvipanga mezani: futi ya kupimia, glavu, kitambaa chenye grisi, penseli ya seremala. Mkewe aliigeuza mifuko nje, akaipapasa mishono yake kutafuta vichembe vya mkate. Bi Upawa alikuwa amefika mlangoni. Mkwewe aliinua macho, wakatazamana, kisha akaendelea kupekua.

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya kusema, na Bi Upawa aliijua kuwa ndiyo. Angeambiwa nini? Angewekwa wapi? Mwanamke aliyeshika upawa maisha yake yote, akifukuzwa jikoni, atashika nini? Akarudi kwenye masufuria yake na huko akapata njia aliyoiona ya hekima: ataacha. Kuanzia kesho mchele hautagusa supu ya mwanawe. Sukari itashuka, kila mtu atafurahi, na hakuna atakayejua. Kosa lililoachwa, alijiambia, ni sawa na kosa lisilotendwa. Alilala vizuri.

Asubuhi Dereva alifungua chupa, akaonja.

"Leo nyepesi, mama."

"Mifupa ya jana haikuwa na uroto."

Akameza vidonge vyake, vile vya zamani na vile vipya, akashushia kwa maji na kutoka.

*

Mchana wa siku ya tatu, gari la kampuni lilisimama mlangoni. Bi Upawa alikuwa peke yake akichambua choroko. Msimamizi wa ujenzi aliteremka akiwa bado na kofia yake ya plastiki kichwani.

"Wewe ndiye mama yake Dereva? Mwanao amekuja kazini amelewa."

"Mwanangu hanywi."

"Mama, mimi nimeona walevi. Anatoka jasho, anasema mambo yasiyoeleweka, kamtukana fundi mkuu. Na alikuwa ameshika kamba ya mzigo. Aliyeko juu asingeona na kusimamisha, leo tungekuwa na msiba."

Dereva alikuwa amelazwa nyuma ya gari, kati ya mapipa ya rangi. Shati lilimganda mwilini kwa maji ya jasho, midomo inatetemeka. Wenzake walikuwa wameinama mmoja baada ya mwingine kumnusa mdomo, na kila mmoja alisema hasikii pombe, kisha akasema huenda ni ile isiyonuka. Mama yake alipanda humo humo nyuma, akampakata kichwa.

"Mwanangu, unanijua?"

"Mwalimu," akasema Dereva, "sijamaliza hesabu."

Bi Upawa akagonga kioo cha mwendesha gari kwa ngumi. "Kliniki ya sukari. Usisimame popote, kliniki."

*

Muuguzi alimtoboa kidole, akatazama kile kimashine, akakimbia. Walimtia maji ya sukari mshipani. Baada ya muda si mrefu Dereva alifumbua macho, akayazungusha chumbani: mama yake, mkewe aliyefika na uzi wa sare bado umemning'inia shingoni, msimamizi aliyeishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mzigo umeshuka?" akauliza.

"Umeshuka," akasema msimamizi, akitazama sakafu.

Daktari aliingia na faili. Safari hii hakuketi.

"Haikuwa pombe. Sukari ilishuka mpaka ubongo ukakosa cha kutumia. Juzi ilikuwa juu, leo iko shimoni. Sijui kama anakula kwa siri au anafunga kwa siri, lakini mtu mwenye sukari ya kupanda na kushuka bila sababu siwezi kumwandikia karatasi ya kwenda juu. Si sasa, na kwa hali hii hata baadaye sioni."

Msimamizi akakohoa. "Basi niwaambie ofisini kibanda kibaki kwa yule?"

Mama Kifungo alisogea kitandani.

"Baba Kifungo, kwa ajili ya mwanao, sema ukweli."

"Sina mwingine," akasema Dereva. Alikuwa akitazama dari, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulipa deni lisilo lake.

Bi Upawa alikuwa amekaa kwenye benchi, kikapu magotini, vidole vimeshikilia mishikio ya kikapu kana kwamba kuna mtu anataka kukichukua. Aliwahi kusimama mbele ya wakaguzi wa shule, mbele ya wazazi wenye makelele, hata mbele ya watoto mia tatu siku kuni zilipolowa na chakula kikachelewa. Hakuwahi kuogopa watu wachache kiasi kile.

"Daktari," akasema, "ni mimi."

"Ni wewe nini, mama?"

"Wali. Naupika mpaka unakuwa uji, nauchuja, nautia kwenye supu. Na mkate mkavu kwenye nyama. Yeye hajui. Mkewe hajui."

"Kiasi gani?"

"Wali wa watu wawili. Kila asubuhi."

"Ulianza lini?"

"Alipokuwa akirudi hawezi kufungua viatu."

"Bado unatia?"

"Nimeacha. Niliacha kesho yake, baada ya wewe kumwongezea dawa."

Daktari aliweka kalamu juu ya faili taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Ukaacha. Bila kumwambia mtu."

"Ningewaambiaje kwamba nimeacha jambo ambalo sikusema nimelianza?"

Muuguzi aliyekuwa akifunga mrija wa maji ya mshipani aligeukia dirisha. Daktari alichukua pumzi, akaketi, akasema bila ukali, na bora angesema kwa ukali. Alisema dawa ile aliipima kwa mtu anayekula wali kila asubuhi. Wali ulipoondoka, dawa ilibaki tumboni haina cha kufanyia kazi, ikamla mgonjwa mwenyewe. Tangu mwanzo mlo ungefuatwa ulivyo, huenda ile dawa ya kwanza nayo ingepunguzwa. Akachukua kalamu, akafuta, akaandika upya. Kisha akamwambia msimamizi kwamba sababu sasa inajulikana, na sababu ikijulikana neno lake linabadilika. Wampe muda wa kupimwa tena, na kibanda kimsubiri.

"Nitasema ofisini," akasema msimamizi. Alipofika mlangoni akasimama. "Na kule kwa wenzake nitawaambia haikuwa pombe."

Dereva aligeuza uso ukutani. Si mkewe wala mama yake aliyejua ni yupi kati yao anayegeuziwa mgongo.

*

Walipofika nyumbani, Mama Kifungo aliingia jikoni, akauondoa upawa kwenye msumari wake, akauweka juu ya kabati, kule ambako Bi Upawa angehitaji kiti kuufikia.

"Mama, jiko niachie mimi."

"Haya, mwanangu."

"Mume wangu nimempekua mifuko kama mwizi. Na wewe ulikuwa umesimama pale."

"Nilikuwepo."

"Nilikuona. Nikadhani unanionea huruma."

Alirudi kwenye cherehani yake. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema watu, na Bi Upawa aliyekuwa akiusema msemo huo kwa wengine aliuvaa sasa yeye mwenyewe, akaona jinsi unavyobana. Akawa mtu wa kukaa uani, kumsuka Kifungo, kupokea sahani yake mkononi kama mgeni. Msusi alipomuuliza tena habari za mwanawe, alimjibu mbele ya wateja wote: "Yuko salama. Aliyetaka kumuua ni mimi, wala si mkwe wangu." Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Kipimo kilirudiwa, kikatoka kizuri. Kikarudiwa tena baadaye, kikatoka kizuri. Daktari alipunguza dawa na kuandika karatasi, na asubuhi moja Dereva alipanda ngazi ndefu ya chuma mpaka kibandani, akakuta yule mwenzake amekifuta kioo na kukirudisha kiti kwenye urefu wa miguu yake Dereva. Nyumbani hawakufanya sherehe. Kifungo alirudishiwa yai lake.

Msimu wa kufungua shule ulipofika, sare zilirundikana mpaka juu ya kitanda. Mama Kifungo alisimama katikati ya vitambaa, macho mekundu, akanyoosha mkono juu ya kabati. Aliushika upawa kidogo kabla ya kuutoa.

"Supu ya leo ipike wewe, mama."

Bi Upawa aliipika kwa mifupa, tangawizi, chumvi na majani ya kitunguu. Hakuna kingine. Aliipika wazi, katikati ya jiko, mlango wazi, nyepesi hata chini ya sufuria kukaonekana. Dereva aliingia na viatu vya kazi miguuni, akafungua chupa yake. Akachukua upawa, akachota, akauinua juu na kuiacha supu irudi sufuriani, akiutazama mtiririko wake kwa jicho lile lile analopimia kamba ya winchi.

"Ni nyepesi, baba," akasema mama yake.

"Najua, mama."

Akachota tena, akainua, akaangalia. Ndipo akaimimina ndani ya chupa, akafunga kizibo, akamuaga kwa adabu zote, akaenda zake.

Alifanya hivyo kesho yake, na keshokutwa. Alimpenda mama yake, na aliinua upawa. Kila asubuhi, mwanawe alipoufikia ule upawa, Bi Upawa aligeukia upande wa pili, akajitafutia kazi ya kikombe kilichokwisha oshwa, akakiosha upya taratibu, ili mwanawe apime bila kuona haya.